MAKALA: Taa ya upepo wa tairi ikiwaka, shika kipimo kabla ya kumwita fundi

Na MWANDISHI WETU

KILA baridi ya Julai inapobisha hodi jijini Nairobi, kuna taa moja ndogo ya manjano ambayo huwatia tumbojoto wenye magari. Huwaka alfajiri gari linapoondolewa kwenye maegesho, humkodolea dereva macho hadi afike kazini, kisha jua linapopanda adhuhuri huzimika yenyewe kana kwamba hapakuwa na lolote.

Katika mtaa wa Mowlem, ulioko eneobunge la Embakasi Magharibi, magari mengi hulala nje, ama kwenye nyua za nyumba za ghorofa au kando ya barabara za mtaa. Ni katika maegesho ya aina hiyo ambapo taa hii husumbua zaidi, kwa kuwa tairi lililokesha kwenye baridi hupoteza sehemu ya nguvu ya upepo uliomo ndani yake.

Yanayofuata baada ya hapo yanajulikana. Wapo madereva wanaoipuuza wakisema ni baridi tu. Wapo wanaobandika juu yake kipande cha utepe mweusi wa mafundi wa stima ili wasiione. Wapo pia wanaokwenda kituo cha petroli na kuagiza upepo ujazwe hadi tairi liwe gumu kama jiwe, wakiamini kwamba wameikomesha.

Wote hao huwa wameshughulikia taa badala ya kushughulikia tairi.

Ukweli ni kwamba baridi ya Nairobi, pekee yake, haina uwezo wa kuwasha taa hiyo iwapo tairi lilikuwa na upepo wa kutosha tangu awali. Taa inayowaka alfajiri na kuzimika adhuhuri haina wazimu. Tairi ndilo ambalo limekuwa likitembea ukingoni, siku baada ya siku, bila ya mwenyewe kujua. Hesabu ya jambo hilo tutaifikia hapa chini.

Kwanza, ishara yenyewe. Mchoro wake ni wa tairi lililokatwa katikati, ambalo huonekana mithili ya chungu kilicho wazi juu na chenye meno mafupi chini. Ndani ya chungu hicho mna alama ya mshangao. Si ajabu basi kwamba wengi hudhani ni ishara ya injini au ya breki, na hufungua boneti kutafuta hitilafu ambayo haipo huko.

Rangi ya manjano nayo ina maana. Katika dashibodi, taa nyekundu humtaka dereva asimame mara moja. Ya manjano humtaka achunguze mapema iwezekanavyo, wala haimruhusu asubiri mwisho wa mwezi.

Chimbuko lake

Taa hii haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarejesha kiwandani matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yao yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Matairi hayo yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu gari likiwa katika kasi, na gari kupinduka. Vifo vya zaidi ya watu 200 vilihusishwa na mkasa huo.

Mojawapo ya mambo yaliyozua ubishi mkali baina ya kampuni hizo mbili ni kiwango cha upepo. Ford ilikuwa ikiwashauri wenye magari hayo kuweka PSI 26, ilhali Firestone baadaye ilishauri PSI 30. Tofauti hiyo ya pointi nne inaweza kuonekana ndogo kwa mtu anayetazama mshale wa kipimo, lakini si ndogo kwa tairi linalobeba gari zito kwenye barabara yenye joto kali.

Tairi lenye upepo pungufu hulegea ubavuni. Kila linapozunguka, ubavu huo hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko huzaa joto. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo joto linavyopanda, hadi gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani inapoachia. Mlipuko ambao abiria huusikia huwa ni hatua ya mwisho tu ya jambo lililoanza zamani.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo, na Rais Bill Clinton akaitia saini mnamo Novemba 1, 2000. Baada ya mivutano ya kisheria kuhusu namna ya kuitekeleza, kila gari dogo jipya lililotengenezwa kwa soko la nchi hiyo kuanzia Septemba 2007 lilitakiwa kuwa na mtambo wa kumwonya dereva upepo unapopungua. Umoja wa Ulaya ulifuata, na kufikia Novemba 2014 sharti hilo lilikuwa likihusu magari yote mapya ya abiria yanayouzwa huko.

Japani, ambako Wakenya hununua sehemu kubwa ya magari yao yaliyotumika, haikuwalazimisha watengenezaji wa magari madogo kufanya hivyo. Ndiyo sababu katika ua mmoja pale Mowlem, unaweza kupata magari mawili ya umri sawa, moja likiwa na taa hii na jingine halina habari nayo. La Ujerumani aghalabu huwa nayo. La Japani huenda likawa nayo au lisiwe nayo, kutegemea aina na kiwango cha anasa ambacho mnunuzi wa kwanza alikilipia.

Kwa mujibu wa kanuni ya viwango vya ubora nchini, KS 1515:2000, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepitisha umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba magari ya miaka ambayo mitambo hii imeenea sana ndiyo yanayoshushwa bandarini Mombasa sasa, na madereva wengi wanakutana na taa hii kwa mara ya kwanza wakiwa na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani.

Mitambo ya aina mbili

Kabla ya kujua la kufanya, sharti dereva ajue gari lake hutumia mtambo gani, maana ipo aina mbili na tabia zake hazifanani.

Katika aina ya kwanza, kila gurudumu lina kifaa kidogo cha kupima, ambacho mafundi hukiita sensa, kilichofungwa ndani ya rimu, kwa kawaida kwenye mzizi wa valvu. Kifaa hicho kina betri yake na hutuma taarifa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Mtambo huu hujua kiwango halisi cha upepo, na magari mengine humwonyesha dereva tarakimu ya kila tairi.

Aina ya pili haina kifaa chochote ndani ya tairi. Hutumia vipimo vya mwendo wa magurudumu ambavyo tayari vipo kwa ajili ya breki za ABS. Tairi lililopungukiwa na upepo hupungua kimo kidogo, hivyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili kwenda umbali ule ule. Kompyuta ikigundua tofauti hiyo, huwasha taa.

Mtambo huu wa pili ni wa bei nafuu na hauna betri za kufa, lakini una udhaifu wake. Haujui PSI ni ngapi. Hulinganisha tu. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja na kwa kiasi sawa, kama yanavyofanya katika gari lililokaa miezi mitatu bila kuongezwa upepo, mitambo mingi ya aina hii, hasa ya zamani, hunyamaza kimya.

Vile vile, hutatizwa na matairi yasiyolingana. Mtu akifunga tairi moja jipya mbele huku matatu yaliyobaki yakiwa yamelika, au akichanganya saizi kama ilivyo desturi ya wengi wanaonunua matairi ya mitumba moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, taa inaweza kuwaka ingawa upepo uko sawa. Hapo dawa si upepo bali ni kuyapanga matairi yalingane, angaa yale ya ekseli moja.

Ili kutambua aina ya mtambo, tazama valvu. Ikiwa ni ya chuma na imekazwa kwa nati kwenye rimu, yamkini ndani yake mna kifaa. Ikiwa ni ya mpira mtupu, mara nyingi hamna, ingawa vipo vifaa vichache vyenye valvu za mpira. Aidha, gari linaloonyesha tarakimu za kila tairi kwenye kioo chake bila shaka ni la aina ya kwanza.

Ikiwaka ukiwa safarini

Chukua mfano wa dereva anayetoka Mowlem asubuhi na kuingia barabara ya Outering kuelekea kazini eneo la viwandani. Taa inawaka akiwa katikati ya magari. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kutokanyaga breki kwa ghafla wala kuzungusha usukani kwa pupa. Aondoe mguu taratibu kwenye kichapuzi, ashike usukani kwa mikono miwili na asikilize. Gari likivuta upande mmoja, likipwaya nyuma kama linaloteleza, au mlio wa kugongagonga ukisikika chini, basi tairi lipo karibu kuisha upepo au limekwisha. Hapo atafute pahali salama pa kando papo hapo. Kuendelea hata nusu kilomita kwa tairi lililolala chini huusaga ubavu wake kwa ndani, na pancha ambayo ingezibwa kwa muda mfupi hugeuka kuwa gharama ya tairi zima.

Iwapo gari linakwenda vyema na usukani haujabadilika, anaweza kuendelea kwa mwendo wa pole hadi kituo cha petroli kilicho karibu. Usiku, hili ni muhimu zaidi. Wakazi wa Nairobi wanaifahamu hila ya wahalifu wanaomwashiria dereva kwamba gurudumu lake lina kasoro ili asimame gizani. Mwenye taa hii ana nafuu moja: anayeashiriwa kando ya barabara ilhali dashibodi yake haionyeshi kitu na gari haliyumbi, hana haja ya kusimama hadi afike penye mwanga na watu.

Akilazimika kusimama barabarani, pembetatu mbili za usalama ziwekwe mbele na nyuma ya gari, na abiria watoke wasimame mbali na msafara wa magari.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi

Kipimo cha upepo cha mkononi ni kifaa kidogo kinachoenea mfukoni. Mwandishi wa makala haya anashangaa kwamba watu wanaolipia redio kubwa za gari huona kukinunua kuwa ni anasa. Mitambo ya kujazia upepo kwenye vituo vya petroli huangushwa, hukanyagwa na kutumiwa na mamia ya watu, na si yote husoma ukweli.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi, au likiwa halijaenda zaidi ya kilomita mbili hivi. Kwa mkazi wa mtaani, wakati bora ni asubuhi kabla ya kuwasha gari. Tairi lililokwenda mwendo mrefu hupata joto na kuonyesha pointi nne au zaidi juu ya kiwango chake halisi. Wapo wanaofika kituoni tairi likiwa na moto, wakaona tarakimu kubwa, wakapunguza upepo. Kesho yake alfajiri, taa huwasalimu.

Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kisichofaa kutumiwa ni kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hicho ni kikomo ambacho tairi haliruhusiwi kupita, wala si pendekezo. Mtu anayejaza hadi kikomo hicho hupunguza sehemu ya tairi inayokanyaga lami, na breki za ghafla wakati wa mvua humkumbusha kosa lake.

Vibandiko vya magari ya Japani havitumii PSI iliyozoeleka na wahudumu wetu wa vituo vya petroli, bali hutumia kilopaskali. Hilo limewachanganya wengi. Msomaji anaweza kukumbuka kwamba 220 ni sawa na PSI 32, 230 ni sawa na 33, 240 ni takriban 35, nayo 250 ni 36. Vibandiko vya Ulaya hutumia kipimo cha bar, na bar moja ni PSI 14.5. Tena, kibandiko kikiwa na viwango viwili, kimoja huwa cha gari lenye watu wachache na kingine cha gari lililojaa abiria na mizigo. Familia inayofunga safari ya mashambani Desemba, watoto watatu nyuma na gunia kwenye buti, inahitaji kile cha pili.

Sasa tuirudie ile hesabu ya baridi. Tuseme kibandiko chasema PSI 32. Sheria ya Marekani huutaka mtambo uonye upepo unapopungua kwa asilimia 25, yaani unapofika PSI 24. Kanuni ya Ulaya huweka asilimia 20, ambayo ni chini kidogo ya PSI 26. Kwa tairi la kiwango hicho, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huondoa kama pointi moja na nusu. Kati ya alasiri ya nyuzi 24 na alfajiri ya nyuzi 11, tairi lililokuwa na 32 litabaki na 30 hivi. Taa haiwezi kuwaka kwa 30.

Ili iwake kwa sababu ya baridi hiyo, sharti tairi liwe lililala likiwa na 27 au pungufu. Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza kati ya pointi moja na mbili kila mwezi. Gari ambalo halijaongezwa upepo tangu Pasaka litafika hapo Julai bila ya msumari wowote kuhusika. Lakini ikiwa tairi moja tu ndilo pungufu na mengine matatu yako sawa, tafuta msumari, na hasa kwa anayepita mara kwa mara karibu na karakana za Kariobangi ambako vipande vya chuma hudondoka barabarani.

Hesabu hii pia yafichua jambo ambalo dereva hapaswi kulisahau: taa inapowaka, tairi limekwisha poteza robo au humusi ya upepo wake. Onyo hilo huja likiwa limechelewa. Tairi lenye PSI 27 halijawasha chochote, na bado si tairi la kupandia barabara ya Mombasa kwa kilomita 110 kwa saa.

Tukizungumzia Mombasa, kuna suala la kimo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kipimo husoma tofauti kati ya upepo ulio ndani ya tairi na hewa iliyo nje. Kwa hivyo gari likiteremka hadi pwani, kipimo kitasoma zaidi ya pointi mbili chini kwa sababu ya kimo pekee, ingawa joto la huko hurudisha sehemu ya pointi hizo. Anayekwenda Mombasa na tairi lililokuwa ukingoni asishangae taa ikiwaka asubuhi ya kwanza akiwa Bamburi. Alijaze upya kwa kiwango cha kibandiko akiwa huko huko, tairi likiwa baridi, na apime tena akirejea Nairobi.

Kuhusu gesi ya nitrojeni inayouzwa kwa bei ya juu katika baadhi ya vituo, yatosha kusema kwamba hewa tunayovuta tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Haina madhara, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kupima.

Inapopepesa

Taa iliyowaka na kutulia ina maana ya upepo pungufu. Taa inayopepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ndipo itulie ikiwaka, katika magari mengi huwa na maana tofauti kabisa: mtambo wenyewe una hitilafu. Tofauti hii ndogo huwapita wengi, wakabaki kujaza upepo kila wiki kwa ajili ya taa ambayo haiulizi upepo.

Katika mitambo yenye vifaa ndani ya matairi, sababu kuu ni betri. Betri hizo hufungwa kabisa ndani ya kifaa na hazibadilishwi. Hudumu kati ya miaka mitano na kumi. Gari linaloingia nchini likiwa na umri wa miaka saba, basi, huja na betri zilizo katika siku zake za mwisho, na si ajabu zikafa moja baada ya nyingine katika miaka miwili ya kwanza ya mmiliki wa Kenya. Hapo ndipo utepe mweusi unapotafutwa.

Anayetaka kununua vifaa vipya asikubali chochote kinachofanana kwa sura. Vya magari ya Japani na Marekani kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 315, ilhali vya Ulaya hutumia 433. Kifaa cha masafa yasiyofaa kitaenea kwenye rimu vizuri kabisa, lakini hakitasikika na kompyuta ya gari milele. Nambari iliyochapishwa kwenye kifaa cha zamani ndiyo ya kumpelekea muuzaji. Tena, magari mengi huhitaji kifaa kipya kisajiliwe kwenye kompyuta kwa mashine maalumu, hivyo ni vyema kuuliza mapema iwapo fundi anayo.

Asiye na uwezo wa kuvinunua kwa sasa anaweza kuendelea na gari, mradi ajue kwamba amerudi katika enzi za kutegemea kipimo cha mkononi. Kila Jumapili asubuhi, dakika tano.

Fundi wa pancha aambiwe

Mafundi wa pancha wa Eastlands, wenye kompresa, karai la maji na vyuma vya kubandulia tairi, ni watu wa ujuzi usiotiliwa shaka. Wengi wao wamezoea tairi lisilo na kitu ndani, na chuma kikiingizwa karibu na valvu na kushindiliwa, kifaa huvunjika bila ya mtu kusikia. Mwenye gari amwambie fundi kabla hajaanza kwamba ndani mna sensa, ili tairi libanduliwe kwa kuanzia mbali na valvu.

Maji ya kuzibia pancha yanayomiminwa kupitia valvu yaepukwe pia katika magari haya, kwani yanaweza kuziba tundu la kifaa. Vifuniko vya valvu viwe vya plastiki. Vile vya shaba vinavyong'aa hugandana na valvu ya aluminiamu, na siku ya kuvifungua valvu huvunjika navyo.

Tairi lenye tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga lami huzibika, na kiraka kinachobandikwa kwa ndani huaminika zaidi kuliko kamba inayochomekwa kwa nje. Lililotoboka ubavuni halizibwi. Kabla ya kulirejesha, fundi alizamishe kwenye karai lote, na valvu pia, kwa kuwa mara nyingi anayevuja ni valvu na msumari hauna hatia.

Gurudumu la akiba nalo lisisahauliwe. Mara nyingi halina kifaa, hivyo taa itaendelea kuwaka hata baada ya kulifunga, na hiyo si hitilafu. Ikiwa ni lile jembamba la muda, huhitaji PSI 60 na haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Wengi hugundua kwamba limelala bila upepo siku ile ile wanayolihitaji.

Baada ya upepo kuwekwa sawa, mtambo wa aina ya kwanza kwa kawaida huizima taa wenyewe gari likienda dakika chache. Wa aina ya pili hauna njia ya kujua kwamba umesaidiwa. Lazima uambiwe, kwa kitufe kilicho chini ya usukani chenye mchoro ule ule wa chungu, au kupitia orodha iliyo kwenye kioo cha gari. Katika magari kadhaa, kitufe hushikiliwa swichi ikiwa imewashwa hadi taa ipepese mara tatu polepole. Kitufe hicho kibonyezwe baada ya kupima matairi yote manne, kamwe si kabla. Anayekibonyeza matairi yakiwa pungufu huwa ameifundisha kompyuta kwamba upungufu huo ndio ukamilifu, na mtambo utanyamaza hadi hali iwe mbaya zaidi.

Kwa anayenunua gari lililotumika, ama kutoka kwa jirani au kwenye yadi, uchunguzi wake ni wa sekunde chache. Swichi inapowashwa kabla ya injini kunguruma, taa zote za dashibodi hujitokeza kwa muda mfupi ili kujijaribu, na ya chungu ikiwemo. Isipoonekana kabisa, na valvu nne ni za chuma zenye nati, basi kuna aliyeinyamazisha kabla ya gari kuuzwa, na gharama ya vifaa vinne inafaa iondolewe kwenye bei kabla ya makubaliano kutiwa saini.